Bomba la baridi linalopasha nyumba joto: pampu ya ardhini inalipa?

Nilipolishika lile bomba nilitegemea kuungua kidogo, au angalau kusikia uvuguvugu. Lilikuwa baridi kama chupa ya soda iliyotolewa sasa hivi kwenye friji. Ilikuwa Januari, kijijini nje kidogo ya Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, nyumbani kwa dada mmoja muuguzi niliyesoma naye. Tulikuwa tumesimama kwenye chumba chake kidogo cha kufulia. Mabomba mawili meusi yalichomoza sakafuni na kuingia kwenye sanduku jeupe lenye kimo cha friji. Kipimajoto cha bomba la kwanza kilionyesha nyuzi 6, cha pili nyuzi 3. Upande wa pili wa ukuta watoto wake walikuwa wanacheza peku sebuleni.

"Hili ndilo linaleta joto kutoka chini," akaniambia. "Na hili linarudi."

Nikapiga picha, nikaitupia kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, nikaandika kwamba hii ni pampu ya ardhini, inatoa uniti tatu na nusu za joto kwa uniti moja ya umeme, na hapo vurugu zikaanza. Mjomba aliyeko Nakuru akauliza, "Kwa hiyo mpwa wangu, na huko mmepata Olkaria yenu?" akimaanisha mitambo ya umeme wa jotoardhi ya Kenya. Binamu yangu, fundi umeme Morogoro, akasema huo ni utapeli mtupu, hakuna mashine inayokula uniti moja ikatema tatu na nusu. Shemeji wa Leicester, ambaye bili ya gesi ya msimu wa baridi ilikuwa imemkaba koo, hakutaka nadharia. Alitaka kujua jambo moja tu: na yeye achimbe?

Nilianza kuwajibu kwa ujumbe wa sauti, nikaona naongea dakika kumi bila kufika popote. Bora niandike.

Majina kwanza. Pampu ya joto ni mashine inayochota joto mahali penye ubaridi na kulipeleka mahali penye joto zaidi. Ikichota kwenye hewa ya nje, tunaiita pampu ya hewa. Ndiyo yale masanduku yenye feni unayoyaona pembeni mwa nyumba Ulaya. Ikichota kwenye udongo au mwamba, ni pampu ya ardhini. Boila ni kile chombo kinachochoma gesi na kuchemsha maji yanayozunguka nyumba nzima. Maji hayo yanapita kwenye rejeta, mabati mapana yaliyofungwa ukutani chini ya madirisha. Ndiyo, jina lile lile la rejeta ya gari, ila hii ya nyumbani kazi yake ni kupasha chumba. Na uniti ninayoitaja hapa ni ile ile unayoinunua kwa LUKU au tokeni, yaani kilowati moja kwa saa moja.

Mjomba nimjibu mapema, maana swali lake linawachanganya wengi, na kosa si lake. Kiswahili kina neno moja, jotoardhi, na watu hulitumia kwa vitu viwili visivyofanana. Kule Olkaria visima vinashuka kilomita mbili, tatu, hadi kwenye miamba iliyopashwa na Bonde la Ufa, ambako joto linapita nyuzi 200. Mvuke unatoka kwa kishindo na kuzungusha mitambo ya umeme. Kazi hiyo imekuwa ikifanyika tangu 1981, na leo Kenya inapata zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake kwa njia hiyo. Shrewsbury hakuna mvuke. Chini ya bustani ya yule dada, ukishuka mita 10, ardhi ina nyuzi kama 10 au 11, iwe Julai au Januari. Joto lenyewe, kwenye kina cha mita moja au mbili, karibu lote ni jua la kiangazi lililohifadhiwa na udongo. Ukitoka alfajiri ya Julai kule Njombe au Limuru ukavuta ndoo ya maji kisimani, yanaonekana ya uvuguvugu mkononi. Maji hayajabadilika, hewa ndiyo iliyopoa usiku, ardhi ikabaki vile vile. Pampu ya ardhini inaishi kwa tofauti hiyo.

Sasa lile bomba la baridi. Litakaa vipi na nyuzi 6 likapasha sebule?

Tumezoea kusema kitu kina joto au kina baridi, kana kwamba ni mali mbili. Baridi ni upungufu wa joto, basi. Maji ya nyuzi 6 bado yana joto jingi ndani yake. Sifuri ya kipimajoto ni mahali maji yanapoganda, haimaanishi joto limeisha. Joto huisha kabisa kwenye nyuzi 273 chini ya sifuri, na hakuna aliyewahi kufika huko kwa koti. Shida ni kwamba joto lina tabia moja: huteremka lenyewe kutoka penye moto kwenda penye baridi, halipandi bila kubebwa.

Lakini kila siku kuna mashine jikoni kwako inayolibeba. Pitisha mkono nyuma ya friji. Lile joto unalolisikia limetolewa kwenye maziwa na nyama. Friji ni pampu ya joto, na sanduku la yule dada ni friji iliyogeuzwa: bustani ndiyo inayopozwa, nyumba ndiyo mgongo wa friji.

Ndani yake kuna gesi inayozunguka, na mambo mawili yanatokea kwa zamu. La kwanza umeliona kwenye mtungi wa gesi ya kupikia: ukiwasha plate kubwa kwa muda mrefu, mtungi unatoka jasho, hata kuota barafu kwa chini. Gesi iliyo kimiminika inapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto kutoka kwa chochote kilicho karibu. Spiriti anayokupaka nesi kabla ya sindano inafanya hivyo hivyo kwenye ngozi. Kwenye pampu, kinachonyonywa ni joto la lile bomba la nyuzi 6, ndiyo maana linatoka na nyuzi 3. La pili unalijua ukiwa na baiskeli: jaza upepo kwa nguvu, ushike pampu, utaona imepata moto. Kompresa inaikandamiza ile gesi mpaka inafika nyuzi 40 au 50, inayaachia maji ya rejeta joto lake, inapoa, inarudi kimiminika, mzunguko unaanza upya.

Hapo ndipo binamu wa Morogoro anapopata jibu lake. Fikiria hamali bandarini Mombasa. Unamlipa apandishe magunia ya mchele ghorofani. Hela unayompa ni ya mgongo wake, mchele ni wako tayari. Umeme kwenye pampu ya joto ni ujira wa hamali. Hita ya kawaida ya umeme inafanya kana kwamba unageuza ujira wenyewe kuwa mchele: uniti moja ya umeme, uniti moja ya joto, imeisha. Pampu inatumia uniti moja kubeba mbili na nusu zilizokuwa zimekaa ardhini, na ile moja nayo inageuka joto, jumla tatu na nusu. Hakuna kilichozaliwa kutoka hewani. Bustani imepoa kidogo, basi.

Na kama hamali yeyote, bei yake inategemea ngazi. Kulitoa joto kwenye nyuzi 6 hadi 35 ni ghorofa chache. Kulipandisha hadi 65 ni nyingi, na atachoka, yaani uniti moja itabeba kidogo. Kuna njia mbili za kupunguza ngazi: anzia juu zaidi au ishia chini zaidi. Ardhi inasaidia ya kwanza. Usiku ambao hewa imeshuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri, pampu ya hewa inaanzia shimoni kabisa, na huo ndio usiku unaohitaji joto kuliko yote. Pampu ya ardhini usiku huo huo inaanzia nyuzi 5 au 6 juu ya sifuri. Njia ya pili, kuishia chini, ni kazi ya nyumba yenyewe, na nitairudia kwa sababu ya shemeji.

Kwa mwaka mzima, pampu ya ardhini iliyofungwa vizuri Uingereza inatoa kati ya uniti 3 na 4 za joto kwa kila uniti ya umeme. Ya hewa hucheza kwenye 2.5 hadi 3.5. Nimeweka neno "vizuri" makusudi. Ufundi mbaya unaweza kuishusha yoyote kati ya hizo hadi 2, halafu lawama anabebeshwa mvumbuzi.

Ardhi nayo si duka lisiloisha bidhaa, ingawa ndivyo wauzaji wanavyopenda kuielezea. Nyumba ya kawaida, siku ya baridi kali, inaweza kuhitaji kilowati 8 za joto. Tuseme 6 kati ya hizo zinatoka ardhini. Mwamba au udongo, kwa makadirio ya kawaida, unatoa kama wati 40 kwa kila mita ya shimo la wima. Gawanya: mita 150 kwenda chini. Ukitaka kulaza mabomba kwenye mitaro ya kina cha mita moja au zaidi kidogo, unahitaji eneo linalokaribia uwanja wa mpira wa kikapu. Bustani ya nyuma ya nyumba za mstari Leicester ni ya kuanikia nguo na kuegesha baiskeli ya mtoto, basi. Ukibana matumizi ukachimba mita 90 badala ya 150, mashine itachota kwa kasi kuliko udongo unavyojirudishia, ardhi itapoa mwaka hadi mwaka, na hamali ataanza kila msimu kutoka ngazi ya chini zaidi. Kosa hilo halionekani mwaka wa kwanza. Linaonekana mwaka wa nne, fundi ameshabadilisha namba ya simu.

Haya, fedha. Mwishoni mwa 2025 bei ya kikomo iliyowekwa na Ofgem, msimamizi wa nishati, ilikuwa karibu peni 26 kwa uniti ya umeme na peni 6 na ushee kwa uniti ya gesi. Umeme ulikuwa mara nne ya gesi. Shika namba hiyo, ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Chukua nyumba ya shemeji, tuseme inataka uniti 12,000 za joto kwa mwaka. Kwa boila ya gesi inayopoteza kidogo njiani, atalipa kama pauni 860. Pampu ya ardhini inayotoa tatu na nusu kwa moja itakula umeme wa pauni 890. Ya hewa, kwa 2.9, pauni 1,080 hivi. Hita za umeme za kuchomeka ukutani, zile za kumwokoa mtu anayeishi chumba kimoja, pauni 3,120. Akiikata gesi kabisa ataokoa pia ile tozo ya kila siku ya kuwa na bomba la gesi, zaidi ya pauni 100 kwa mwaka, na baadhi ya kampuni za umeme zina bei nafuu kwa wenye pampu. Kwa hiyo tunaweza kusema, bila kumdanganya, kwamba pampu ya ardhini itamtoa sare na gesi au itamshindisha kwa kidogo.

Sare si vibaya. Tatizo ni kiingilio. Kufunga pampu ya hewa huko kunagharimu kama pauni 13,000. Ya ardhini, ukijumlisha shimo, ni pauni 25,000 hadi 35,000, tuchukue 28,000. Serikali inatoa ruzuku England na Wales kupitia mpango wa kubadilisha maboila ulioanza 2022. Mwanzoni ya ardhini ilipewa 6,000 na ya hewa 5,000. Tangu Oktoba 2023 zote zinapata 7,500 sawasawa, na mimi nadhani siku hiyo mchuano uliamuliwa kimyakimya. Baada ya ruzuku shemeji atatoa mfukoni 5,500 kwa ya hewa, au 20,500 kwa ya ardhini. Pauni 15,000 zaidi, ili aokoe kama pauni 185 kwa mwaka. Miaka 81. Mabomba ya plastiki ardhini yanaweza kudumu nusu karne na zaidi, mashine yenyewe inakaa ndani haipigwi na mvua, haina feni ya kuwasumbua majirani. Vyote ni kweli. Miaka 81 bado ni miaka 81.

Kwa hiyo jibu langu kwake lilikuwa hapana, na nililitoa bila kuzunguka. Mashine ni bora kuliko ya hewa. Shimo ndilo linalomshinda.

"Na yule nesi wako je, alikosea?" akauliza.

Yule dada hana bomba la gesi kijijini. Nyumba waliinunua ikiwa inapashwa kwa hita za umeme tu, ya mawe, kubwa, inayohitaji labda uniti 18,000. Kwa hita hizo angelipa pauni 4,680 kwa mwaka kwa bei hizo hizo za mwishoni mwa 2025. Pampu inamfanya alipe kama 1,340. Hapo hata shimo la bei mbaya linarudisha gharama kwa miaka sita hivi. Lakini kusema ukweli, pampu ya hewa ingemlipa haraka zaidi, miaka isiyofika miwili. Yeye mwenyewe anajua. Alikwenda ardhini kwa sababu ana shamba dogo nyuma ya nyumba na katapila lilikuwa tayari limekodiwa kuchimba shimo jipya la maji taka. Mitaro ilichimbwa siku zile zile, kwa nyongeza ndogo. Ukikuta ardhi inafunguliwa kwa sababu nyingine, hesabu inabadilika.

Ukiwauliza Waswahili wanaoishi Uppsala au Göteborg, watakushangaa unavyosumbuka. Uswidi joto la mwamba, bergvärme kwa lugha yao, ni jambo la kawaida kama tangi la maji juu ya paa la nyumba ya Dar es Salaam. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yanapasha nyumba nyingi huko mpaka mgogoro wa 1973 ulipowashtua. Mwaka 1991 wakaweka kodi ya kaboni iliyofanya kuchoma mafuta kuwa anasa. Gesi ya bomba kwa nyumba za watu haikuwahi kuenea, umeme wa maporomoko na nyuklia ulikuwepo, na chini kuna mwamba mgumu unaochimbika vizuri. Kazi ilipokuwa nyingi, wachimbaji wakawa wengi, na bei ikashuka. Mtambo unakuja, matope ya kijivu yanatiririka siku moja au mbili, unaondoka. Hiyo nchi, pamoja na Norway na Finland, ndizo zinazoongoza Ulaya kwa pampu za joto kwa kila kaya. Anayesema mashine hizi hazifanyi kazi kwenye baridi aeleze kwa nini zimejaa mahali ambapo theluji inakaa miezi mitano.

Halafu kuna njia ninayoiona ina akili kuliko zote: kutochimba peke yako. Mjini hakuna anayechimba kisima chake cha maji kila nyumba. Kuna bomba la mtaa, kila mtu anaunga. Kule Stithians, kijiji cha Cornwall, walichimba mashimo barabarani na kila nyumba iliyojiunga ikapata pampu ndogo iliyounganishwa nayo. Enfield, kaskazini mwa London, halmashauri ilifanya hivyo kwa maghorofa yake. Framingham, Massachusetts, kampuni ya gesi na umeme ilizindua mtandao wa aina hiyo 2024, ukihudumia nyumba na majengo ya umma pamoja. Shimo likigawanywa kwa kaya 30 si shimo tena la kumfilisi mtu, na si lazima kila kaya ihitaji joto saa ile ile. Wengi wetu ughaibuni ni wapangaji, mara nyingi wa halmashauri, na pampu ya ardhini ikitufikia itakuja kwa mlango huo. Barua ikija, uliza maswali mawili: bili ya umeme itakuwa jina la nani, na nyumba itazibwa mianya kabla au baada. Mwenye nyumba ananunua mashine, mpangaji ndiye anayelipa uniti.

Mjomba alirudi tena na swali la nyumbani: huku kwetu inafaa? Ardhi huwa na joto la wastani wa mwaka wa mahali hapo. Dar es Salaam hiyo ni zaidi ya nyuzi 25, kwa hiyo hata ukitaka kuitumia kupoza nyumba badala ya kiyoyozi cha kawaida, faida ni ndogo sana kulipia shimo. Makete na Limuru kuna baridi ya kweli, lakini ya miezi michache. Ziba mianya ya mlango, funga dari. Na jiko la mkaa lisilazwe ndani na watu, moshi usioonekana unaua.

Sasa ile ngazi ya pili niliyoahidi. Pampu yoyote, ya hewa au ya ardhini, hufanya kazi vizuri ikipeleka maji ya nyuzi 35 hadi 45 kwenye rejeta. Boila nyingi zimeachwa kwenye 70. Nyumba inayopata joto kwa maji ya 70 peke yake ni kama chupa ya chai yenye mfuniko mbovu: unamimina moto, unatoroka. Basi kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote, kuna jaribio lisilo na gharama, kama una boila isiyo na tangi la maji moto. (Mwenye tangi asilijaribu hivi hivi, maji ya tangini yanapaswa kufika nyuzi 60 ili bakteria wasizaliane.) Subiri wiki ya baridi kali. Shusha joto la maji ya rejeta hadi 50. Acha limewashwa kwa muda mrefu zaidi, kwa utulivu, uone.

Shemeji alilifanya wiki ya pili ya Februari. Siku ya tatu alinitumia ripoti: sebule sawa, jikoni sawa, chumba chao sawa. Chumba cha mtoto, kile cha nyuma chenye ukuta wa kaskazini, kiligoma kwenye nyuzi 16. Rejeta ya humo ilikuwa ndogo kama sinia. Alinunua ya paneli mbili, fundi akaifunga Jumamosi, na boila mpaka sasa iko kwenye 50.